Kikombe cha Maji kwa Fundi Mwenye Pini Mdomoni

Kwa Muuguzi Mkuu wa Zahanati,

Ndugu Muuguzi,

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA AMRI YA MAJI ULIYOMPA MKE WANGU

Pokea salamu kutoka kwa fundi cherehani wa duka la kona, yule ambaye sare yako mpya iko mezani kwake, imebaki kutiwa mikono tu. Natumaini huko hamjambo. Huku mimi maji yamenifika shingoni, na safari hii si msemo.

Utakumbuka kwamba nililetwa kwako kwa sababu nilipepesuka kidogo nikimpima mteja kiuno. Kidogo tu. Nilimshika mkanda, naye akanishika bega, tukasimama hivyo kwa heshima mpaka ikapita. Ulinipima, ukaniuliza nakunywa maji kiasi gani, nikakujibu kwamba chai nayo ina maji. Ndipo ukaniacha mimi mgonjwa, ukamgeukia mke wangu, ukamweleza kwamba mtu akishakuwa mzee kiu yake huchelewa kumwarifu, kwa hiyo anyweshwe kabla hajaisikia. Tangu siku hiyo sina raha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeivunjia heshima kiu yangu. Tumeishi pamoja tangu utotoni na haijawahi kunidanganya. Mimi sijastaafu, cherehani yangu haijastaafu, iweje kiu peke yake istaafishwe, tena bila kupewa hata barua? Kula chumvi nyingi si kosa la mtu kuhukumiwa kunywa maji.

2. Mimi hufanya kazi na pini mdomoni. Fundi mwenye pini mdomoni hasemi. Mteja akimuuliza kama amenenepa, anajibiwa kwa kichwa, na kichwa kinaweza kuwa na maana yoyote. Hivyo ndivyo nilivyodumu na wateja wangu. Sasa kila nikinywa nalazimika kutoa pini, na mdomo ukishakuwa mtupu hupenda kusema. Juzi, baada ya mafunda mawili tu, nilimwambia mwalimu mkuu kwamba suruali yake haikupungua hata uzi mmoja, aliyebadilika ni yeye. Aliichukua na kuondoka nayo ikiwa bado na pini zangu. Naomba tu awe hajaivaa.

3. Choo chetu ni kimoja kwa maduka matatu, na mwenye ufunguo ni kinyozi. Zamani mimi na yeye tulikuwa watu wa salamu basi. Siku hizi akiniona nasimama tu, hata kama nafuata mkasi, anakiacha kichwa cha mtu nusu na kunipungia ufunguo kutoka mlangoni. Wateja wake wamekwishanibatiza Mzee Bomba. Wiki hii amekuja kupiga msumari kwenye mlango wangu na kuutundika ufunguo hapo, akisema ananirahisishia maisha.

4. Ulimwambia mke wangu aniangalizie rangi ya mkojo, kwamba ukikolea kama chai ya rangi basi mwili unakauka. Hukufikiria kwamba unamwambia mke wa fundi. Alipekua kabati langu la mabaki, akachagua kipande cha bitana ya manjano iliyopauka, akakibandika nyuma ya mlango wa choo ili niwe nalinganisha. Sasa kinyozi analinganisha, fundi viatu analinganisha, na wote wananiletea matokeo yao dukani nikiwa na mteja. Kipande chenyewe nilikiweka kwa ajili ya mfuko wa koti la bwana harusi.

5. Hili ndilo zito. Mke wangu alikuwa akileta kikombe mwenyewe kutoka nyumbani, na magoti yake unayajua. Wala hakuwa anaweka na kuondoka. Alisimama pembeni ya cherehani mpaka akione kitako cha kikombe, huku akinisimulia nani kahama, nani kajifungua, na mkaa umepanda kiasi gani. Majuzi, mbele ya wateja, nilimwambia kwamba mimi si ua la kwenye kopo. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikiweka kikombe mezani, akaenda zake, na tangu hapo hunijazia chupa asubuhi akaniwekea mfukoni bila neno. Dukani pamekuwa kimya, na siku haziishi. Unaona mwenyewe jinsi amri yako inavyobomoa nyumba za watu.

Kwa hiyo naomba uifute. Kama kuifuta ni vigumu, nipe cheti chenye muhuri kinachosema kwamba fundi huyu ana maji ya kumtosha. Na kama cheti nacho ni vigumu, basi panda lile gari la matangazo ya chanjo, upite mtaani na kipaza sauti, uwaambie watu kwamba kiu ya wazee imerudishwa kazini na haki zake zote. Ili kukuthibitishia kwamba sihitaji kunyweshwa, leo sijaigusa chupa tangu asubuhi, na barua imenyooka kama unavyoiona.

Nisalimie daktari, mtoa dawa, na mlinzi wa getini. Huyo mlinzi mwambie suruali yake iko tayari, bado vifungo.

Wako mwenye kukauka kwa hiari,

Fundi Cherehani

N.B. Baada ya kutia sahihi nilisimama kutafuta bahasha, na ukuta ukasogea. Nikaketi, nikainywa ile chupa, nusu kwanza, kisha nusu iliyobaki. Nilipotulia nikaitazama sare yako, ambayo nilikuwa naitia mikono leo huku nikikuandikia. Ina mikono miwili ya kushoto. Nimeanza kuifumua, njoo Ijumaa.

Barua hii ichane. Ila mke wangu atapita kwako kuchukua dawa ya magoti. Mwambie kwamba kwa umri wangu chupa haifai, kwamba maji ni lazima yaletwe kwa kikombe, na anayeyaleta akae hapo mpaka yaishe. Mwambie ndivyo utaalamu unavyosema, usimwambie nimekuomba. Stuli ya wateja nimekwisha kuisogeza karibu na cherehani, apumzishe magoti. Na pini nitazitoa mwenyewe, nikimwona tu anakata kona.