Kiti cha Mzee Bushira na Amri ya Kuunda

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Nimeanza kazi katika karakana ya ushonaji ya Shangazi Kaltumu, mtaani Mbugangari, karibu na mpaka wa Goma. Nimevaa tai. Kompyuta ni ileile ya marehemu mumewe, Mzee Bushira, aliyejiandikia mwenyewe programu ya vipimo vya wateja. Utotoni nilikaa chini ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya vitenge, nikimsikiliza akisoma kwa sauti kila neno aliloingiza. Harufu ile ya pasi ya makaa! Ijumaa, baada ya swala, Shangazi atamteua wa kukalia kiti cha Mzee penye kompyuta: mimi au jirani yetu Cyiza. Cyiza ana cheti. Mimi nina shahada!

Jumanne, 4 Novemba
Nimewahutubia mafundi. Kompaila, inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, hupokea amri mbili kuhusu kamusi ya data, yaani mahali ambapo kila kipimo kimepewa jina na maelezo. Amri ya kufungua husoma kamusi iliyopo. Amri ya kuunda huanzisha mpya. Cansilde, fundi wa mashati, akauliza ipi ni ya wakubwa. Kuunda, bila shaka! Kufungua, hata kopo hufunguliwa. Cyiza akashauri tuchukue nakala kwanza. Woga mtupu.

Jumatano, 5 Novemba
Nimetoa amri ya kuunda, kwa jina lilelile la zamani, kwa heshima. Kompaila haikubisha. Kamusi mpya ikazaliwa: safi, tupu. Tupu! Maneno yote ya Mzee yamefutika. Shangazi hakunigombeza. Alikwenda uani, akasimama kwenye kamba ya nguo akishika shuka lililokwisha kukauka. Afadhali angenigombeza. Cansilde akasema, "We mhitimu, hata kitambaa mutu anapima mbele ya kukata!"

Alhamisi, 6 Novemba
Ajabu! Mafundi wanayakumbuka maneno ya Mzee. Cansilde akaanza: "Bega: toka shingo mpaka pale mukono unaanza kujitegemea." Mwenzake: "Kiuno: usimuulize muteja, pima." Shangazi, polepole: "Kola: acha nafasi ya kidole, mtu apate kumeza mate." Nami nikapata moja, kutoka chini ya meza: "Urefu wa mtoto: ongeza upindo, mwakani atarudi." Cyiza aliingiza yote, akachukua nakala kwenye flashi, na karakana ilicheka kama zamani, Mzee alipokuwa hai.

Ijumaa, 7 Novemba
Kiti kapewa Cyiza! Shangazi kanipa kigoda kando ya meza ya kukatia. Kasema, "Mwanangu Mudathiru, rudi mahali pako." Kwa upendo, nadhani.

Jumamosi, 8 Novemba
Cyiza amevuka mpaka, pale Grande Barrière, kwenda Goma kununua nyuzi. Kiti ki wazi. Nimekikalia; kinalia kwa mlio uleule wa zamani. Nimeamua kumuenzi Mzee kwa toleo rasmi, lenye jina lake na, kwa unyenyekevu, langu. Shangazi atalia kwa furaha. Kufungua? Hapana, heshima kubwa yataka amri kubwa. Nimechomeka pia flashi yenye nakala ya Cyiza, ili nayo inufaike. Nimeunda kotekote, kwenye kompyuta na kwenye flashi, kwa jina lilelile la kamusi. Kompaila, kama Jumatano, haikubisha hata kidogo. Dalili njema.