Habari za Mlango Uliovuka Msimbazi

Kabla sijawaita mketi, na kabla sijalitaja jina la shujaa, sina budi kukiri kosa langu, maana mwandishi wa tarehe anayeficha upofu wake hana haki ya kushika kalamu. Mwaka mzima, kila Jumatatu asubuhi nikielekea chuoni kufundisha historia, nilipitia kwa dada yangu Hajira, Mtaa wa Swahili, nikanywa chai mezani kwake. Mwaka mzima sikuona kwamba kikombe cha mwanawe Sitara, binti wa miaka sita, kilirudi jikoni kimejaa kama kilivyoletwa. Nimesoma hati zilizoliwa na mchwa, nikatambua herufi ambazo hazipo tena. Kikombe cha chai ya maziwa, kilichokuwa shubiri moja kutoka kwenye kiwiko changu, sikukisoma.

Basi njoni. Njoni enyi wauza vitenge, enyi mafundi wa Gerezani ambao nguo zenu zimesahau rangi ziliyozaliwa nayo, enyi wasukuma maguta ya magurudumu matatu mnaoiamuru dunia ipishe! Tueni mizigo, zimeni vile vipaza sauti vinavyotangaza bei tangu alfajiri, mpate kusikia habari ya Mwinyimvua bin Kitwana, fundi magari wa Gerezani, Bwana wa Shokapu, Mjuzi wa Bushi na Beringi, ambaye gari huja kwake likilia na huondoka likiimba. Na jinsi alivyotoka Jumanne moja kwenda kuikagua shule, akarudi na utukufu ambao Kariakoo bado inausimulia kwa kicheko.

Chanzo cha vita kilikuwa shule. Sitara alikuwa anamaliza chekechea, na mbele yake zilisimama ngome mbili. Ya kwanza ilikuwa shule ya serikali, mtaa wa pili kutoka nyumbani, yenye watoto wengi kama siafu na mwembe mmoja wa kuwagawia kivuli. Ya pili ilikuwa Johari ya Elimu, shule ya kulipia, ng'ambo ya Barabara ya Msimbazi, ambako watoto huvaa soksi ndefu na husalimiana kwa Kiingereza. Shemeji yangu Mwinyimvua aliipigania ya pili. Dada yangu aliilinda ya kwanza.

"Mke wangu," alinguruma Mwinyimvua usiku wa baraza kuu, akiwa ameshika kijiko cha wali kama fimbo ya enzi, "zama zimegeuka! Mimi leo mteja akinitumia jina la kipuri kwa Kiingereza, natafuta mtu wa kunisomea. Je, na binti yangu naye atafute mtu?"

"Baba Sitara, mimi na kaka tumesoma ya serikali," akajibu Hajira. "Mbona hatujala watu?"

"Kaka yako ni profesa!"

"Basi si ndiyo nakwambia."

Mimi, ambaye si profesa bado, nilijitolea kuwa msuluhishi. Niliandaa jedwali lenye vigezo kumi na kimoja: uwiano wa walimu na wanafunzi, lugha ya kufundishia, matokeo ya miaka mitano, umbali, chakula, na vingine ambavyo nilivipanga kwa uzito wake. Lilikuwa jedwali zuri. Mtoto mwenyewe hakuulizwa neno, kwa kuwa katika mabaraza ya vita ni desturi ya kale kutoiuliza nchi inayogombewa.

Siku ya usaili ikafika. Tulivuka Msimbazi watu wanne: Mwinyimvua ndani ya kanzu iliyopigwa pasi hadi ikawa inasimama yenyewe, Hajira ndani ya baibui jipya, mimi na jedwali langu, na Sitara aliyeshika kidole kimoja cha mama yake. Mlinzi wa lango, Bwana Onesphory, alituandikisha katika kitabu cha wageni, nasi tukaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Leticia, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kwa mkufu na rula ya chuma mkononi.

Maswali yakarushwa kama mishale. Mwinyimvua aliuliza habari za kompyuta. Mimi niliuliza habari za mtaala. Hajira aliuliza uji unapikwa saa ngapi na nani anaukoroga. Mwalimu Leticia akayakinga yote kwa ngao ya uzoefu wa miaka ishirini, kisha akamgeukia mtoto.

"Haya Sitara. Taja siku za wiki."

Sitara alisimama amepishanisha miguu, mguu wa kulia ukiwa umeukumbatia wa kushoto, macho yakitazama sakafu. Hakujibu. Akaonyeshwa picha ya tembo; hakujibu. Akaombwa ahesabu hadi kumi. Alifika tatu, akakaza midomo. Mimi niliandika pembeni mwa jedwali: *Ana utulivu wa kutafakari.* Baba yake, ambaye alikuwa amemfundisha siku zote saba kwa lugha mbili, alikuwa anatokwa jasho.

Mwalimu Leticia akavua miwani, kwa upole. "Wazazi, msivunjike moyo. Labda mtoto bado kidogo. Akae mwaka mmoja zaidi chekechea, halafu mwakani mumlete tena."

Mwaka mmoja! Nilimwona Mwinyimvua akinywea ndani ya kanzu yake. Hajira, ambaye hata hakuitaka shule hii, alimvuta binti yake karibu kama anayemkinga na mvua. Hapo Mwalimu Leticia, kwa mazoea tu ya kufunga mazungumzo, akauliza, "Na wewe, mwanangu, una swali lolote?"

Sitara akainua macho. Katika kigezo changu cha kwanza hadi cha kumi na kimoja hakukuwa na neno lile alilolisema.

"Mwalimu, choo chenu kina komeo?"

Hajira akapiga magoti. "Mwanangu, umebanwa?"

Sitara akaitikia kwa kichwa. Na pale, vipande vipande, ikatoka habari ambayo mwaka mzima ilikuwa imekaa mezani petu ikitutazama. Kule chekechea mlango wa choo haukuwa na komeo. Siku ya pili tu, mwenzake mmoja aliusukuma, darasa zima likamwona, likacheka. Tangu hapo Sitara hakuingia tena. Alijibana kuanzia asubuhi hadi anaporudi nyumbani, na ili aweze kujibana, hakunywa chai. Mara mbili alikuwa ameugua tumbo la chini akapelekwa hospitali. Mara mbili daktari aliagiza anywe maji mengi. Mara mbili sisi wakubwa tulisema mtoto huyu ni mkaidi wa maji.

"Twende nikakuonyeshe choo," alisema Mwalimu Leticia, sauti ikiwa imebadilika.

Kilikuwa choo safi, vigae vikimeta, milango minne ya kijani kibichi. Sitara aliutazama kila mlango upande wa ndani, akatikisa kichwa. Hakukuwa na komeo hata moja.

"Tuliyaondoa sisi wenyewe," akakiri Mwalimu Leticia. "Mtoto alijifungia, akaogopa, tukavunja mlango kumtoa. Mimi ndiye niliyemshika akitetemeka. Sitarudisha makomeo hapa."

"Ingia mwanangu, mimi nitaushika mlango kwa nje," akasema Hajira.

"Na kesho utakuja kuushika?"

"Kesho…"

"Na keshokutwa?"

Dada yangu, ambaye ulimi wake haujawahi kukosa jibu tangu tukiwa watoto, akamgeukia mumewe.

Ndipo, enyi wasikilizaji, Mwinyimvua alipoamka. Hakutoa hotuba. Alipandisha mikono ya kanzu, akatia mkono mfukoni, akachomoa bisibisi, maana mtu wa Gerezani hata akienda kuposa huwa nayo. Hapa niwaeleze sheria ya nchi yake. Huko hakuna kipuri kinachonunuliwa kwa maneno. Ukisema "nataka bushi," utaulizwa, "Sampuli iko wapi?" Unafungua kilichoharibika, unakibeba, unakiweka juu ya kaunta, ndipo unapewa mwenzake. Miaka ishirini na miwili Mwinyimvua ameishi kwa sheria hiyo. Na kwa kuwa komeo la kufungua halikuwepo, aliufungua mlango.

Alipiga bisibisi kwenye bawaba ya juu, kisha ya chini, akanikabidhi parafujo sita kama mfalme anayemkabidhi waziri vito vya hazina, akaunyanyua mlango wa choo begani.

"Baba Sitara!" akapiga kelele Hajira. "Mtoto amebanwa, wewe unahamisha choo?"

"Dakika ishirini!" akanguruma shujaa. "Sitara mwanangu, unaweza dakika ishirini?"

Sitara alimtazama baba yake na ngao yake ya kijani. Akafikiri. "Naweza."

Langoni Bwana Onesphory alisimama njiani mikono ameitanua. "Mzee, simama! Kwenye kitabu umeingia bila mlango. Mlango huo unakwenda wapi?"

"Unakwenda kutafuta komeo lake!"

Onesphory aliyatafakari maneno hayo, akayaandika kitabuni, akafungua lango.

Nani atausimulia ule uvukaji? Basi la mwendokasi lilisimama, dereva akaweka kidevu kwenye usukani kutazama. Maguta yakapisha, jambo ambalo maguta hayajawahi kulifanyia hata msafara wa harusi. "Tajiri, choo umekiacha wapi?" mmoja akauliza. "Mwacheni, anahama kidogo kidogo!" mwingine akajibu. Mama aliyekuwa anauza ndoo za plastiki akainua moja: "Baba, na hii utaihitaji!" Jemadari hakugeuka. Kanzu yake iliyokuwa nyeupe ilikuwa na mstari wa vumbi la kijani kuanzia begani hadi kwenye pindo, nami nilimfuata nyuma, mhadhiri wa historia, parafujo zikinilia mfukoni.

Dukani kwa Anuari, muuza vitasa na bawaba, Mwinyimvua aliulaza mlango juu ya kaunta kwa kishindo.

"Nimeleta sampuli."

Anuari akauzunguka. "Ya nini, bwana?"

"Ya komeo."

"Komeo liko wapi?"

"Halipo."

"Bwana Mwinyimvua," alisema Anuari polepole, "miaka yote hii tunafanya kazi pamoja. Leo umeniletea sampuli ya kitu ambacho hakipo?"

Nikaona, kwa mara ya kwanza, shemeji yangu akitambua alichokifanya. Angeweza kuja na mikono mitupu. Angeweza kupiga simu. Alitazama mlango, akatazama kanzu yake, na kicheko kikawatoka wote wawili hadi Anuari akashika rafu.

Lakini historia ina njia zake. "Tena afadhali umeuleta," alisema Anuari akifuta macho. "Mtoto anafika wapi?" Mwinyimvua akaweka kiganja kwenye ubao, pale hasa mkono wa Sitara ungefika. Akaeleza hofu ya mwalimu: mtoto aweze kujifungia, na mtu mzima aweze kumfungulia. Anuari akatoa kulabu ndogo ya shaba na pete yake. "Hii mtoto anaiangusha kwa kidole. Na kwa nje, mwalimu akipitisha kitu chembamba hapa kwenye upenyo, anainyanyua. Rula inatosha." Wakaifunga pale pale, mlango ukiwa mbele yao, kwa kimo cha binti wa miaka sita.

Dakika ya kumi na tisa tulirudi. Mwalimu Leticia alikuwa langoni, mikono kifuani.

"Baba Sitara, nilisema makomeo hayarudi."

"Mwalimu, umesema kweli, na hofu yako ni ya haki," Mwinyimvua alihutubia akihema. "Basi nijifungie mimi, nawe upitishe rula yako kwenye upenyo. Ukishindwa kunitoa, nitaung'oa mlango huu mbele yako, na mtoto wangu sitamleta tena!"

Mlango ukarudishwa mahali pake. Jitu lile likaingia chooni, kulabu ikalia *tik*. Mwalimu Leticia akainua rula yake ya chuma, akaipitisha kwenye upenyo, akainyanyua kidogo. Ngome ikafunguka kwa rula ya sentimita thelathini, na ndani yake akaonekana Mwinyimvua amesimama wima, mikono juu, kama aliyetekwa.

Mwalimu akajaribu mara ya pili. Na ya tatu. Kisha akasogea kando.

Sitara akaingia. Akaijaribu kulabu mara moja, akaifungua, akaifunga tena. *Tik.* Nje tulisimama wakubwa wanne tukitazama vigae kwa heshima, pumzi tumezizuia, kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Halafu mto uliozuiliwa tangu alfajiri ukatiririka, mrefu, mrefu mno, na Hajira akauma ukingo wa mtandio wake asijulikane kama anacheka au analia.

Sitara alitoka, akanawa mikono, akasimama mbele ya Mwalimu Leticia miguu yote miwili chini. "Jumatatu, Jumanne, Jumatano," akasema, akaendelea hadi mwisho. Kisha akataja tembo. Kisha akahesabu hadi kumi, na kwa kuwa hakuna aliyemzuia, akafika sitini na nane.

"Anaanza Januari," akasema Mwalimu Leticia, "kama wazazi mmeamua." Akaitazama milango mingine. "Na hii mitatu?"

"Naifuata sasa hivi!" akasema shujaa, bisibisi tayari mkononi.

"Safari hii," akasema Hajira, "nenda mikono mitupu."

Njiani kurudi nilimuuliza dada yangu kama ameshindwa vita. "Kaka," alinijibu, "mwalimu aliyekubali kujaribu mara tatu kabla ya kusema hapana, huyo atamsikiliza mwanangu." Nililikunja jedwali langu nikalitia mfukoni, pamoja na parafujo moja iliyobaki, ambayo mpaka leo hatujui ilitoka wapi.

Sitara anasoma darasa la kwanza Johari ya Elimu, na milango yote minne ya choo cha wasichana ina kulabu. Bado napita Mtaa wa Swahili kila Jumatatu kunywa chai. Kikombe chake kinarudi jikoni kitupu.