Klachi ya Gari la Baba

Jumatano, 4 Machi

Klachi mpya imeingia! Nimeifunga mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Nati mbili zimebaki mezani, lakini waliotengeneza magari ya zamani walipenda kuweka za ziada.

Gari ni la Baba. La spoti, viti viwili, limelala gerejini kwangu tangu macho yake yalipoanza kumsumbua. Jumapili anakuja. Amesema atakayemtembeza ndani yake ndiye atakayeachiwa, ama mimi ama mdogo wangu. Mdogo wangu namwita Bwana Najua. Ana jibu la kila kitu. Kibaya zaidi, huwa ni sahihi.

Nikawasha. Nikakanyaga pedali hadi chini, nikaingiza gia. Kelele! Kama sufuria inayokwanguliwa ukoko. Klachi haiachii. Itazoea.

Alhamisi, 5 Machi

Haijazoea. Siku nzima chini ya gari, nikirekebisha kile chuma chembamba kinachosukuma klachi. Kitabu cha gari kinasema kirefushwe kidogo kwa kuzungusha nati yake. Nimezungusha. Pedali ikalegea. Nikazungusha tena upande uleule, kwa hasira. Sasa inashuka bure kabisa. Kitabu kibovu.

Bwana Najua akapita. Akachungulia, akauliza kama nina hakika na upande ninaozungushia, maana anayeitazama nati kwa nyuma huizungusha kinyume. Nikamwambia nilishika spana yeye akiwa bado anatambaa. Akacheka, akaenda zake. Mke wangu akauliza kwa nini nisimwachie tu. Nikamjibu kwamba hapa tumeshavuka klachi, tuko kwenye heshima. Akasema heshima hiyo imeshaharibu mashuka mawili kwa grisi.

Jumamosi, 7 Machi

Nimepata! Klachi ni ya nini? Ni ya kusimama na kubadilisha gia. Basi hatutasimama wala hatutabadilisha gia!

Mtaa wetu una mteremko. Gari nimelisukuma na vijana wa mtaa hadi juu kabisa, gia ya pili ndani, breki ya mkono juu. Baba ataketi, nitaachia breki, litateremka, nitazungusha ufunguo, injini itashika. Tutazunguka nyumba za mtaa, tutatokea tena juu, nitazima. Nani atajua?

Usiku nikaona haya kidogo. Kumchezea mzee wangu mchezo kwenye gari lake mwenyewe! Halafu nikamkumbuka Bwana Najua akicheka, haya ikaisha.

Jumapili, 8 Machi

Baba alikuja na koti na viatu vilivyong'aa. Akaupapasa mlango kabla ya kuingia. Tukateremka, injini ikashika. Raha iliyoje!

Kufika juu, nafasi yangu imechukuliwa. Bwana Najua kaegesha gari lake palepale! Nikapita, nikapunga mkono kama mtu aliyekusudia.

Mzunguko wa pili Baba akaanza kusema. Baba, ambaye nikimtembelea huniuliza habari za kazi kisha tunatazama ukuta. Akasema watu walimcheka alipolinunua: mtu ana watoto wawili, ananunuaje gari la viti viwili? Alitaka kuwa nasi mmoja mmoja, akasema. Nyumbani, ana kwa ana, maneno yalikuwa yakimkwama. Ndani ya gari wote mnatazama mbele, mtu anaweza kusema.

Nikaendelea kutazama mbele.

Mzunguko wa tatu nafasi ilikuwa wazi. Sikusimama. Wa nne pia. Akanisimulia jinsi alivyomwogopa babu, na jinsi alivyoapa sisi tusije tukamwogopa yeye. Akauliza kama tulimwogopa. Nikasema kidogo. Akasema naye alituogopa kidogo.

Petroli ikaisha upande wa pili wa mtaa. Bwana Najua akaja kutusukuma, jasho linamtiririka. Baba akamwambia gari ni langu, kwa sababu sikuwa na haraka ya kumrudisha.

Nimeshinda. Nilidhani ningefurahi kwa kelele zaidi.

Jumatatu, 9 Machi

Bwana Najua alikuja asubuhi bila kuitwa. Akalala chini ya gari, akazungusha nati upande wa pili. Gia ikaingia bila hata kunong'ona! Hakunicheka. Alifuta mikono polepole, akauliza Baba alikuwa akizungumza nini muda wote ule. Nikamwambia habari za mvua. Akatazama kile kiti cha pili, akaondoka.

Aliponipa kisogo nikarudi chini ya gari, nikailegeza nati vilevile ilivyokuwa. Nikampigia Baba simu, nikamwambia klachi inasumbua, Jumapili ijayo huenda tukashindwa kusimama. Akasema basi atakuja mapema.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote. Akasema ningeweza tu kumwambia mzee kwamba napenda kutembea naye, na Jumapili nyingine nimwachie mdogo wangu zamu.

Nikamwambia hajui lolote kuhusu magari.