Pikipiki Iliyozaa Oili

"Kama haijawashwa leo, mbona inachoma?"

Helen alikuwa ameweka kiganja juu ya injini ya pikipiki na hakuwa na haraka ya kukiondoa.

"Ni jua, mama," Levis alisema. "Jua la Migori unalijua."

"Jua limechoma injini likaruka kiti?" Akagusa kiti, akagusa tangi. "Kiti baridi. Tangi baridi. Hili jua linachagua?"

"Mama, umekuja kununua pikipiki ama umekuja kutafuta vita?"

"Nimekuja kununua. Nilikuambia kwa simu usiiwashe mpaka nifike."

"Niliisogeza tu kidogo. Kutoka pale kwa ukuta."

"Uliisogezea wapi? Isebania?"

Wanaume wawili waliokuwa wakinywa chai kando ya barabara waliacha kunywa. Levis aliwapa mgongo. Alikuwa na sababu nzuri ya kuiwasha mapema, na ilikuwa sababu isiyofaa kuelezwa mbele za watu. Pikipiki ile ikiwashwa baridi ilitoa moshi wa samawati ambao ungefukuza nyuki kwenye mizinga. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika, kwa hiyo oili ilipita juu na kuungua pamoja na petroli. Levis alikuwa ameitibu kwa njia zinazojulikana. Alimimina ndani oili nzito ya gia za lori ili kelele inyamaze. Alisugua mdomo wa ekzosi kwa kitambaa chenye petroli ili masizi yatoke. Kisha, kila mteja alipokaribia, aliingurumisha kwanza nyuma ya nyumba mpaka wingu lipotee.

Helen aliingiza kidole kwenye ekzosi, akakitoa, akakitazama.

"Miaka tisa barabarani," alisema, "na ekzosi ni safi kuliko sahani zangu."

"Mwenyewe alikuwa mwalimu. Alikuwa anaiendesha kwenda kanisani tu."

"Kanisa lake lilikuwa wapi? Mpira wa kukanyagia umelika mpaka chuma."

Levis alitabasamu tabasamu ambalo lilikuwa limeshamuuzia pikipiki kumi na moja, hii ikiwemo mara mbili. Ilikuwa imerudishwa mara mbili pia, na ndiyo maana hakuna mtu wa Migori aliyeitaka. Helen alitoka Homa Bay, alikokuwa na kibanda cha nafaka sokoni. Hakuwa amesikia lolote. Hivyo ndivyo Levis alivyoamini.

Na alihitaji kuamini. Mabati thelathini aliyonunua kwa ajili ya nyumba yake aliyauza ili anunue pikipiki hii. Alitumaini kuiuza mara mbili ya bei, arudishe mabati na abaki na cha kujengea jiko. Mke wake, Terry, alidhani mabati bado yako dukani yakisubiri gari. Terry alikuwa amelala chini ya turubai wiki tatu, na mvua ilikuwa imeanza kunyesha kila jioni.

"Sawa," Helen alisema. Alifungua mkoba akamwonyesha bahasha nene, akaufunga. "Nitainunua. Lakini kwanza niijaribu kwa mzigo. Pikipiki tupu hukimbia hata ikiwa mgonjwa. Nina gunia la maharagwe hapa stendi, limetoka Isebania asubuhi. Tutakwenda nalo Homa Bay. Tutapima oili hapa, na tutapima tena njiani, Rodi Kopany. Ikishuka sana, sinunui."

"Na petroli atalipa nani?"

"Nyathina," alisema kwa upole, kwa Kijaluo, kama anavyoitwa mtoto wa kuzaa, "anayesifu ndiye anayethibitisha."

Levis aliitazama ile bahasha, ambayo sasa ilikuwa ndani ya mkoba, na akakubali.

Helen alipima kama mtu anayejua. Pikipiki juu ya stendi ya kati, ardhi tambarare, injini imepumzika. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Akachora alama kwa kalamu mahali oili ilipofika.

Wakaondoka: Levis mbele, Helen katikati, gunia nyuma. Helen hakuwa mwepesi na gunia halikuwa jepesi. Walipopita Rongo, Helen aligeuka kutazama walikotoka.

"Nyuma yetu kuna ukungu."

"Ni vumbi, mama."

"Hii ni lami."

"Vumbi la lami."

Rodi Kopany, Helen aliingia hotelini kunywa chai. Levis alikuwa amejipanga. Ndani ya koti alibeba chupa ya plastiki ya nusu lita yenye oili. Alisukuma pikipiki mpaka nyuma ya choo cha hoteli, akafungua kifuniko, akamimina. Hakuwa na muda wa kupima. Kwa woga akamimina yote.

Helen alitoka akifuta mdomo. Stendi, kijiti, kitambaa. Akakitazama kijiti kwa muda mrefu.

"Levis. Migori oili ilikuwa hapa."

"Ndiyo."

"Sasa iko hapa."

Levis akachungulia. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama kwa upana wa kidole.

"Imepanda," Helen alisema.

"Injini nzuri, mama."

"Kwa hiyo inatengeneza oili?"

"Hizi za zamani," Levis alisema, akitafuta maneno kama anayetafuta funguo gizani, "zilikuwa zinaundwa vizuri."

Helen aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyeelewa. "Basi nisiwe na haraka. Kitu cha ajabu namna hii lazima kijaribiwe vizuri. Injini ya zamani husema ukweli safari ya tatu. Leo jioni tutarudi Migori na omena yangu, mzigo mwepesi. Jumatano tutakuja tena. Kisha Ijumaa. Ijumaa nakupa pesa."

Mtu mwenye akili zake angekataa. Levis alikuwa na akili nyingi, ila zote zilikuwa ndani ya ile bahasha.

Basi Jumatatu jioni omena, dagaa wa ziwani, ilienda Migori, na koti la Levis likanuka ziwa. Jumatano gunia la mahindi lilikwenda Homa Bay na magunia mawili ya omena yakarudi. Kila waliposimama Helen alikunywa chai, na kila alipokunywa chai Levis alinywesha injini. Chupa ya nusu lita haikutosha tena, akabeba ya lita. Injini ilikuwa imebakiza kilomita fulani za uhai, na hakuna aliyejua ni ngapi. Levis alizihesabu kwa masikio. Mlio wa kugonga ulioanza kama mtu anayebisha hodi kwa adabu ulikuwa umekuwa wa mtu anayedai kufunguliwa.

Ijumaa asubuhi pesa za oili zilimwishia. Aliomba oili chafu kwa mafundi wa Migori, ile iliyomwagwa kutoka kwa pikipiki nyingine, nyeusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Akaimimina akiwa amefumba macho. Ilikuwa safari moja tu. Baada ya hapo ringi zingekuwa shida ya mtu mwingine.

Walipita Rongo. Wakaanza kupanda mlima, gunia la maharagwe nyuma, Helen katikati akila njugu. Injini ikagonga, ikalia kama chuma kinachokatwa, na gurudumu la nyuma likakwama. Pikipiki iliteleza hatua kumi, ikasimama. Kukawa kimya. Ndege walisikika.

"Vumbi la lami limeisha," Helen alisema.

Walisukuma. Kusema kweli Levis alisukuma, na Helen alitembea kando akimwelekeza mashimo yalipo. Walifika Rodi Kopany saa kumi jioni, Levis akiwa amelowa kama aliyeoga na nguo. Helen alimwongoza moja kwa moja mpaka gereji ya fundi mmoja aliyeitwa Kerosi. Kerosi alikanyaga kiki ya kuwashia mara moja kwa uzito wake wote. Kiki haikushuka hata kidogo.

"Imenoki," alisema. "Pistoni imeganda ndani ya silinda. Hii ni chuma chakavu sasa."

Levis aliketi juu ya tairi. Aliyaona mabati thelathini yakipaa moja moja.

"Siwezi kununua pikipiki isiyo na injini kwa bei ya pikipiki," Helen alisema. "Lakini nimekuonea huruma. Nitachukua fremu, magurudumu na logibuku ya umiliki kwa elfu kumi na saba. Injini ubaki nayo."

"Mama! Ishirini na tano!"

"Isukume mpaka Migori basi. Ukifika watakupa ishirini na tano."

Levis aliitazama barabara. Ilikuwa inapanda pande zote mbili. Akatia sahihi, akapokea elfu kumi na saba.

Helen aliweka karatasi kwenye mkoba, kisha akamwambia Kerosi, "Ilete." Kerosi aliingia ndani akatoka akiburuta kitu kilichofungwa kwa gunia. Alipolifungua, kulikuwa na injini. Aina ile ile, ringi mpya, pistoni mpya, imeoshwa ikang'aa.

Levis alisimama. "Hiyo ni ya nani?"

"Ni yangu. Lori lilirudi nyuma likaikunja fremu ya pikipiki yangu mwezi uliopita. Injini haikuguswa. Kerosi ameiweka sawa, nikawa natafuta mwili wa kuitia. Mwili wako ni mzuri sana, Levis. Nilihitaji kila kitu isipokuwa ile injini uliyokuwa ukiisifu."

"Kwa hiyo ulijua!"

"Nilijua Jumatatu, nilipoweka mkono."

"Na ukanibebesha mizigo yako wiki nzima? Petroli yangu? Oili yangu? Wewe mama ni mwongo!"

"Taja uongo mmoja."

Levis alirudi kichwani mpaka Jumatatu, akapekua kila neno. Helen alikuwa amesema ataijaribu, akaijaribu. Alikuwa amesema ikishuka hanunui. Ijumaa nakupa pesa, alisema, na leo ilikuwa Ijumaa. Levis ndiye aliyesema mwalimu, kanisa, jua na vumbi.

"Ulisema," alianza, "ulisema inatengeneza oili."

"Niliuliza. Wewe ndiye uliyejibu."

Kerosi alifungua boliti za injini iliyokufa, akaitoa, akaiweka miguuni pa mwenyewe. Levis aliibeba kifuani kama mtoto na kuondoka bila kuaga.

Hakutaka pesa zile zilale mfukoni mwake hata saa moja, maana alijijua. Aliingia duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa mbele, la mzee aliyeitwa Nicholas, akaiweka injini sakafuni na kuagiza mabati. Yalitoka kumi na saba. Nusu nyumba na kidogo.

Nicholas alikuwa akiitazama injini.

"Hiyo unauza?"

Siku nyingine Levis angekuwa na hadithi ya mwalimu tayari. Leo miguu ilimuuma. "Imekufa, mzee. Imenoki."

"Nimekuuliza kama unauza." Nicholas alizunguka kaunta. "Mimi nina pikipiki ya kubebea simenti, aina hii hii. Kiki yake inashuka kama kijiko kwenye uji, haina nguvu kabisa. Ebu." Aliinama akasukuma kiki ya ile injini kwa mkono. Haikusogea. Akasukuma kwa mikono miwili. Akakanyaga kwa mguu. Uso wake ukabadilika.

"Ngumu hivi!"

"Pistoni imeganda, mzee. Haizunguki."

"Hiyo ndiyo nguvu ya silinda! Ringi zimekaza." Alimtazama Levis kwa jicho dogo. "Kijana, nimefanya biashara miaka thelathini. Mtu hasemi kitu chake kimekufa ila anataka kumuuzia mtu mwingine. Ni nani? Ni huyo Kerosi? Amekupa ngapi?"

"Kerosi ndiye aliyeitoa. Amesema ni chuma chakavu."

"Ndivyo anavyosemaga akitaka kununua! Nakuongezea mabati sita."

"Mzee, nakuambia ukweli. Imekufa."

"Tisa."

Nje, pikapu iliyokuwa ikielekea Migori ilikuwa ikishusha mifuko ya simenti, na dereva alikuwa akikunja turubai. Wingu la jioni lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa ziwa.

"Haiwezi kufanya kazi," alisema. "Hata kidogo."

"Kumi na mbili, na misumari juu yake, na usinisumbue tena!"

Kumi na saba na kumi na mbili ni ishirini na tisa. Bati moja pungufu, na Terry angeweza kuweka ndoo hapo. Levis alikuwa amesema kweli mara tano mfululizo bila mtu yeyote kumwamini, na akaona ya sita ingekuwa kujionyesha.

"Usiondoke!" alimpigia kelele dereva wa pikapu, akashika mabati upande mmoja, na kuanza kupakia.