Harusi Iliyofungiwa Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 7 Julai 2008. Tukuyu. Ukungu tangu asubuhi.

Leo nimeipendezesha kompyuta. Ni ya mapajani, niliachiwa na Mzungu wa kujitolea alipokuwa anarudi kwao. Inatumia Linux, si Windows, kwa hiyo mjini hapa hakuna wa kuniringia. Ndani yake mna harusi ya mwanangu Allen na Atupele. Mahali pengine popote haipo. Kaseti niliiazimisha, mtu akarekodia mpira juu yake. Atupele hajaambiwa.

Jumapili mama yake Atupele anakuja kutoka Lupepo kuitazama. Siku ya harusi alikuwa amelazwa. Hajaona binti yake akiolewa. Nikaona si heshima kumwonyesha kwenye dirisha la kompyuta lililotulia kama la posta. Kuna madoido: ukiyawasha, ukalivuta dirisha kwenye kioo, linatikisika kama maziwa ya mgando. Mashine ikasema madoido yanataka draiva nyingine, yaani ile programu inayoielekeza namna ya kuchora kwenye kioo. Nikakubali. Ikaomba izimwe, iwashwe.

Nikawasha. Ngoma yake ya kukaribisha ikalia vizuri. Kioo cheusi ti.

Nimerudia na kurudia. Ngoma ipo, picha hamna. Ingekuwa ajabu ya kupendeza, kama si mgeni wa Jumapili.

Jumanne, 8 Julai.

Anayejua mambo haya nyumbani ni Atupele mwenyewe, anafundisha kompyuta sekondari. Lakini ni mkamwana wangu, na kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Nikipita njiani, hujibanza migombani. Akiwa jikoni, siingii. Vijana wengi wameanza kuiacha desturi hii. Mke wangu Tusekile hajaanza.

Basi: mimi na mashine sebuleni, Atupele jikoni nyuma ya ukuta, Tusekile mlangoni anabeba maneno. Ukuta ni wa mbao, kila neno nalisikia. Hata hivyo nangoja Tusekile alirudie.

Atupele kasema Baba amulike kioo kwa tochi, atazame kwa upande, kama kuna picha hafifu. Nikamulika. Nikaona pua yangu. Kasema basi si taa ya kioo iliyokufa. Nimeipenda njia hiyo ya kufikiri.

Kauliza kama Baba alibadilisha chochote. Nikamwambia Tusekile aseme sijagusa kitu. Tusekile kanitazama kwanza. Kisha kabeba.

Kwa kuwa sijagusa kitu, Atupele akashuku waya uliolegea. Mchana kutwa nimefungua na kufunga kifuniko cha mashine kama mtu anayepepea moto.

Alhamisi, 10 Julai.

Jirani Ambindwile kaja, mwenye kibanda cha kuchapa barua pale stendi. Kasikiliza ngoma, katazama weusi, kasema, "Hongera kwa redio, Baba Allen." Kasema ataweka Windows safi, mambo yaishe. Nikaona: likiharibika, lawama yake. Akatumbukiza CD.

Kioo kikawaka! Bluu, maandishi meupe. Nikapiga makofi. Tusekile akapeleka habari jikoni. Ambindwile alikuwa ameshaweka kidole juu ya kitufe wakati sauti ilipopenya ukutani bila kubebwa na mtu.

"Baba, mwambie asibonyeze! Inafuta kila kitu. Mama yangu atakuja kutazama nini?"

Mkamwana kanisemesha moja kwa moja. Tusekile kashika kichwa. Mimi nikamshika Ambindwile mkono. Kaondoka akiniambia nitamtafuta mwenyewe.

Halafu Atupele, safari hii kupitia Tusekile: kama CD ile imeonyesha picha, kioo na waya ni vizima. Tatizo ni draiva. Baba aulizwe tena, kwa heshima, aliwasha madoido?

Nikasema: kidogo.

Ijumaa, 11 Julai.

Tusekile kaamuru: mimi nje, Atupele ndani. Nimetii. Lakini desturi inakataza kumwona mkamwana, haijasema lolote kuhusu kuiona draiva. Nikafunga kioo changu cha kunyolea kwenye ufito, nikajibanza chini ya dirisha, manyunyu yakinilowesha.

Nikaona mengi. Kabonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja, yakatoka maandishi matupu. Kafuta jina la draiva yangu, kaandika lingine. Kwenye kioo lilisomeka "asev". Nikaligeuza: vesa. Draiva ya kawaida, haina mapambo, inakubaliwa na kila mashine. Nikasogeza ufito nione zaidi. Likatokea jicho, na halikuwa langu.

Atupele kajifunika khanga, kakimbilia jikoni, ndoo ikaanguka. Tusekile kanihukumu nitoe jogoo wa kuomba radhi. Nimekubali. Baadaye maneno yakatoka jikoni kwa shida: kimebaki kitufe kimoja tu, Enter.

Nikabonyeza. Ngoma, kisha picha.

Nimeitengeneza.

Jumapili, 13 Julai.

Mama yake Atupele kafika baada ya ibada. Wote sebuleni, Atupele akiwa nao, kwa hiyo mimi nimeitazama harusi nikiwa nje, kwa masikio. Tusekile anasema vesa inapanua sura: Allen anaonekana kama kameza boga. Mama hakujali boga. Kaomba warudishe pale binti yake anapoingia kanisani. Wakarudisha. Kaomba tena. Kisha akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu. Ndaga," akapenga kamasi.

Mimi pia nilipenga. Baridi ya huku.

Ambindwile kapita barabarani mara mbili. Sikumwita.

Jumatatu, 14 Julai.

Mama anarudi Lupepo leo mchana, anaomba nakala kwenye CD ya kuwaonyesha dada zake. Atupele kaenda shule, kaacha ujumbe kwa Tusekile: Baba asiguse chochote, yeye akirudi saa sita atanakili mwenyewe. Ushauri mzuri, kwa mtu asiye na uzoefu.

Lakini siwezi kupeleka bwana harusi mwenye boga kwa wakwe, na mimi ndiye niliyeitengeneza mashine hii. Nimepata mahali pa kurekebisha upana wa picha. Panataka draiva nyingine, ndogo tu. Tusekile anauliza nafanya nini huko ndani. Nimemwambia natazama tu.

Mashine inauliza kama nina uhakika.

Ninao.