Mke Wangu Ananizimia Umeme wa Bajaji

Chumbageni, Tanga

Kwa mama mkwe wangu, Bi. Maryam, Pangani.

Shikamoo mama. Baada ya kukuamkia kwa heshima zote, mimi mkweo Shaib, dereva wa bajaji, nakuletea mashtaka dhidi ya mwanao Suhaila, ambaye ni mke wangu na, kwa bahati mbaya, pia ni fundi umeme.

Nimenunua bajaji ya umeme. Nilitaka kuichaji kama watu wanavyochaji simu: ekstensheni kutoka soketi ya chumbani, ipite dirishani, hadi bandani. Jambo dogo. Mwanao kalifanya kesi.

1. Ameikataa ekstensheni. Anasema nyaya za chumbani ni nyembamba, na bajaji inavuta umeme mwingi kwa saa nyingi. Anataka iwe na waya wake mnene kutoka kwenye meta, swichi yake ya kujikata, na fimbo ya shaba ichimbiwe ardhini. Mama, mimi nilipooa mlinipa chumba cha uani kisicho na mlango. Bajaji ndiyo ipewe heshima hiyo?

2. Amenidhalilisha mbele ya jirani yetu, Mzee Ernesti. Alinishikisha waya wa ekstensheni bajaji ikichaji, akauliza, "Unausikiaje?" Nikamjibu ni wa moto, kama kila kitu Tanga. Mzee Ernesti alicheka hadi kofia ikamdondoka.

3. Swichi ya zamani ilikuwa ikijikata kila nikichaji, nikaing'oa, nikaweka kubwa isiyo na woga. Akaitoa. Tena akasema, "Nyumba ikiungua, usimsingizie Mungu." Mimi ni kichwa cha nyumba, mama, lakini kichwa gani hiki kinachozimwa kwa kidole kimoja?

4. Amewahamishia watoto sebuleni, walale karibu na mlango. Wageni wakiuliza sababu, anawaambia kweli!

Kwa hiyo naomba umlete tena yule kungwi wake, amfunde upya kwamba mke mwema hazimi alichowasha mumewe. Ikishindikana, mlishe yamini aache umeme kabisa, ajifunze kusuka ukili. Leo kaenda kazini Raskazone. Nimerudisha swichi yangu na ekstensheni, na ninapoandika bajaji inachaji kwa amani.

Nisalimie shemeji Sheha, mashangazi, na wote wa ng'ambo ya kivuko.

Ni mimi mkweo, mnyonge nisiye na kosa,
Shaib

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua, soketi ya chumbani imeshika moto, kisha pazia, kisha kitanda. Nilitokea mlangoni mbio. Suhaila, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi, akaingia nilipotokea mimi, akakata umeme na kuuzima moto kwa mchanga. Watoto ni wazima. Yote niliyoandika nayafuta, ila yeye kaisoma barua na kuamuru itumwe hivi hivi. Hajanigombeza. Kanipa sururu tu, akaninyooshea kidole ardhini, chini ya meta. Nimechimba mtaro wa waya hadi bandani, nimelipita banda, sasa niko uani kwa Mzee Ernesti, na bado sijathubutu kuuliza kama panatosha.