Kopo la Fundi Sixte

Tak! Fyuzi ilikatika alfajiri sebuleni kwa Masunga. Nyuma ya ukuta, kwenye chumba alichopanga wiki ile, Fundi Sixte akaamka akitabasamu. Hiyo ilikuwa ya nne tangu Jumatatu.

Masunga alikuwa na amplifaya kubwa kuliko zote Mpanda, na mdomo mkubwa kuliko amplifaya. Kila akiiwasha, umeme uliingia kwa pupa, fyuzi ikakatika. Jumamosi alitakiwa kupiga muziki harusini. Akiaibika huko, hakuna atakayemwita tena; wote watamwita mshindani wake, Krispini.

"Mzee Masunga," Sixte alisema mlangoni, "chombo chako kinashtuka. Nitakitilia kifaa cha kukiamsha polepole."

"Na cha Krispini kinacho hicho?"

"Krispini? Hata kukisikia hajakisikia!"

Hapo Masunga alijinasa mwenyewe. Akaahidi debe zima la asali ya Ugalla.

Sixte akajifungia siku mbili, akila kuku wa mama Esteria, mke wa Masunga, aliyempashia hata maji ya kuoga. Kazi yenyewe ilikuwa ya robo saa: balbu moja ndani ya kopo la maziwa, katikati ya waya wa umeme. Balbu huzuia pupa, ni kweli. Ila fundi mwenye haya huweka na swichi, ili muziki ukishaamka umeme uiruke balbu. Bila swichi, ukiongeza sauti, muziki unazimia. Swichi Sixte hakuwa nayo. Haya pia.

Akawasha. Fyuzi ikatulia, muziki ukatoka taratibu.

"Ongeza!" alisema Masunga.

"Leo haiongezwi, mzee. Inazoea kwanza."

Masunga akaitikia kwa kichwa kama mtaalamu mwenzake.

Ijumaa, stesheni, akingoja treni ya kuondoka, Sixte alifungua debe alilolipwa aonje. Juu, asali vidole viwili. Chini, uji wa muhogo.

"Wezi hawa!" alifoka, kwa uchungu wa mtu mwaminifu.

"Shikamoo sisikii, mwanangu?" Esteria alikuwa nyuma yake, na viazi vya kuchoma kwenye kitambaa.

"Shikamoo, mama. Debe hili..."

"Nililijaza mimi. Jana niliongeza sauti kidogo. Muziki ukazimia, na ndani ya kopo nikaona taa inawaka, swichi ya kuiruka hamna."

Sixte akafunika debe. "Mzee anajua?"

"Mzee yuko kwa Krispini anajisifu. Asali yako iko chini ya kitanda changu."

Treni ikapiga honi. Esteria akamwekea viazi mkononi, bado vya moto.

"Hivi ni vyako hata ukipanda. Lakini uje tena nyumbani leo, mwanangu. Upitie dukani, ununue swichi."